Nguo ya usaili: anza na mabega

Mwito wa usaili ukifika, wengi hukimbilia suti mpya ya bei chee. Kwa mfuko wa mhitimu, mimi nasema bora mtumba mzuri halafu pesa inayobaki umpe fundi cherehani. Suti inayokukaa vizuri haimwambii mtu imenunuliwa wapi.

Koti ulipime mabegani kwanza. Livae, simama wima, acha mikono ining'inie. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Ukipitiliza kwa sentimita mbili, lirudishe, hata kama rangi imekupendeza. Fundi anaweza kupunguza kiuno na kukata pindo la suruali. Mikono ataifupisha mpaka shati lichungulie kama sentimita moja, ila vifungo vya mkononi vikiwa na matundu ya kweli, kazi hiyo inakuwa ngumu, kwa sababu matundu hayahamishiki. Mabega ndiyo balaa. Lazima afumue mkono wote, pedi na bitana, na ni mafundi wachache wanaoyarudisha yakakaa sawa.

Ukiwa kwenye masoko ya mtumba ya Dar, kama Karume au Manzese, usiangalie rangi tu. Papasa sehemu ya mbele ya koti chini ya kola. Ukiona vimalengelenge, koti lilifuliwa kwa maji ya moto au kupigwa pasi kali, gundi inayoshika kitambaa cha ndani ikaachia. Hakuna pasi itakayolirudisha. Suruali iinue dhidi ya mwanga utazame katikati ya mapaja, maana ndipo inapolika kwanza. Shati likague kwapani na kwenye mkunjo wa kola. Na koti likiwa jipya, toa lebo iliyoshonwa kwenye mkono wa koti na ule uzi wenye umbo la X kwenye mpasuo wa nyuma. Umewekwa kulishikilia likiwa dukani tu, na bado kuna watu wanaingia nao kwenye usaili.

Rangi haina mjadala mrefu: bluu iliyokolea au kijivu kilichokolea, na shati jeupe. Kwa joto la Dar, shati la bluu mpauko linaonyesha jasho kuliko jeupe. Ndani vaa fulana inayokaribia rangi ya ngozi yako, kwa sababu nyeupe huonekana chini ya shati jeupe.

Kwa dada zangu, kipimo cha kweli ni kukaa, maana kwenye usaili utakaa muda mwingi kuliko utakavyosimama. Weka kiti kifupi mbele ya kioo, kaa, inama kidogo kama unayetoa vyeti kwenye bahasha. Sketi ikipanda juu ya goti, ni fupi. Blauzi ikiachia mwanya kati ya vifungo vya kifuani, fundi aweke kifungo kidogo cha kubana kwa ndani. Hijabu iwe ya kitambaa kisichoteleza. Ya satini itakufanya uirekebishe kila baada ya dakika mbili, na mikono yako itaonekana haitulii. Anayeomba kazi serikalini akumbuke kuwa tangu 2007 kuna waraka wa mavazi ya watumishi wa umma, na nguo za kubana na zinazoonyesha maungo zimekatazwa.

Usaili wa vitendo ni habari nyingine. Dereva au fundi umeme anayekuja na suti na tai anaonekana hajui kazi yenyewe ilivyo. Vaa suruali ya kitambaa kigumu, shati safi na viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira. Pete na bangili ziache nyumbani.

Kwenye maonesho ya ajira utasimama saa nyingi, kwa hiyo shida kubwa ni viatu. Moka za mtumba zilizokaa muda mrefu bila kuvaliwa soli zake huzeeka zikiwa zimekaa tu. Unaziona nzima, ukitembea nazo zinamegeka vipande. Kunja soli kwa nguvu kabla ya kulipa, kisha zivae siku mbili mtaani kwako. Soksi ziwe ndefu, ukikaa ngozi ya mguu isionekane.

Pasi ipigwe usiku. Weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu ya suruali, la sivyo itang'aa kwenye mishono na magotini, na mng'ao huo hautoki kirahisi. Pasi ya mkaa ijaribu kwanza kwenye kanga kuukuu, kwani punje moja ya jivu inatosha kuharibu shati jeupe. Kola ipige kutoka kwenye ncha kuelekea katikati. Ukianza katikati, makunyanzi yote yanakimbilia kwenye ncha.

Kama unapanda daladala, koti libebe mkononi, bitana ikiwa nje. Marashi yawe kidogo sana, chumba cha usaili mara nyingi kimefungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi.