Nilivyopima njia ya mama kwa uzi, Nairobi hadi New York

Dada yangu alijifungua Marekani, na mama hakutaka kusikia lingine ila kwenda kumwona mjukuu. Ndugu zangu wakaanza kubishana kuhusu bei: aende moja kwa moja kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (wa New York), apitie Doha, au apitie Amsterdam? Mimi nilikuwa na swali jingine. Mama akikaa sana miguu inavimba, kwa hiyo nilitaka kujua kila kipande cha safari kina kilomita ngapi.

Ramani ya ukutani inadanganya. Ukiweka rula, mstari unapita Nigeria na kutokea Mauritania. Nikachukua tufe la dunia la mwanangu, lenye kipenyo cha sentimita 30, nikabana uzi wa cherehani pale Nairobi kwa kidole gumba na kuuvuta hadi New York. Ulipokaza ukateleza wenyewe kaskazini: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, visiwa vya Azores, ukapanda juu kidogo kuliko New York yenyewe, ndipo ukashuka. Uzi ulikuwa kama sentimita 28. Ikweta ina kilomita 40,075, na kwenye tufe hilo mzingo wake ni kama sentimita 94, hivyo sentimita moja ni kama kilomita 425. Jumla ikaja 11,900.

Nikahakikisha kwa kikokotoo. Hesabu za kidato cha nne zilituishia kwenye miji ya latitudo moja au longitudo moja. Hapa unazidisha sini za latitudo mbili, kisha unajumlisha na kosini zake mara kosini ya tofauti ya longitudo (latitudo ya kusini ni hasi). Jibu ni kosini ya pembe kati ya miji hiyo miwili ukiitazama kutoka katikati ya dunia. Nilipata pembe ya digrii 106.5. Kila digrii ni maili 60 za baharini, na maili moja ni kilomita 1.852, basi ni kama 11,830. Uzi haukuwa mbali!

Kupitia Amsterdam ni 6,680 kisha 5,850, yaani nyongeza ya kilomita 700 tu, kwa kuwa Ulaya haiko mbali na njia. Doha ni 3,350 kisha 10,770: unaongeza karibu 2,300, halafu kipande cha pili bado ni kirefu mno. Kituo cha namna hiyo hakimsaidii mwenye miguu kama ya mama.

Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ungetegemea 13 na kidogo, ila ukienda magharibi upepo wa juu unakupiga usoni.

Tukakata tiketi ya kupitia Amsterdam, kiti cha kando ya njia ya kupita ndani ya ndege. Kiti cha magurudumu tuliomba hapo hapo, maana ukingoja siku ya safari utahangaika kaunta na mzigo mkononi.