Volkano ya mu chupa ilikataa kulipuka, njo vile niliirekebisha

Batoto wangu banauliza kila siku Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma, inatapikaka aje, juu mu 2021 wakati ilitapika balikuwa badogo, banakumbuka tu kukimbilia mji ya Sake usiku na godoro ku kichwa. Nikasema leo tunaitengeneza ku jiko. Chupa ndogo ya plastiki, nikaizungushia mchanga mweusi ya lava (hapa Goma ile haikosake), nikatia unga ya mu sashe, nikamwanga vinegre (siki). Kimya. Mukubwa ananiangalia: "Papa, volkano yako imezima."

Kumbe ile unga ilikuwa levire (hamira) ya mandazi, na levire haina maneno na vinegre! Nikatuma kadogo ku butiki alete bikaribonati, ile bamama banatiaka mu maharagi iive mbio. Vijiko mbili, tone ya sabuni ya vyombo juu povu ibakie nzito, tomate kidogo kwa rangi, alafu vinegre yote mara moja, si pole pole. Weee! Ikapanda, ikashuka ku meza mpaka mu sahani ya bugali, bibi yangu hajanisamehe.

Nikabaelezea hapa hakuna moto, kule ni mawe yenye kuyeyuka, lakini kyenye kusukuma ni gesi vilevile. Nikarudilia mu kopo kubwa, nikashusha kiberiti yenye kuwaka mule ndani pole pole, ikazima mbele iguse povu. Gesi kaboniki. Njo ile gesi tunaitaka mazuku, yenye kulala mu mashimo na kuua mbuzi. Sasa hata kadogo hatake tena kucheza mu shimo nyuma ya nyumba.