Siku moja maishani mwangu: kumjibu mteja wa Mtwara anayetaka kuwa "namba moja Google"

Saa 1:30 asubuhi, stendi ya mabasi

Kazi yangu ni kusaidia biashara zionekane watu wanapotafuta Google. Siku yenye kikao na mteja huanzia barabarani, ofisini baadaye. Mteja wa leo ni mama mwenye lodge ya vyumba 12 huko Shangani, hapahapa Mtwara. Wiki iliyopita alituma picha ya kioo cha simu yake: ameandika "lodge mtwara" na lodge yake imetokea ya kwanza kwenye ramani. Siku mbili baadaye akatuma picha nyingine, safari hii kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na lodge haimo kabisa. Akauliza kwa nini tumeshuka. Hatujashuka. Yeye alitafuta akiwa amekaa mapokezi kwake, na mwanawe alikuwa zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka hapo.

Kwa hiyo napima kutoka sehemu nne ambako wageni wake huanzia kutafuta: stendi, soko kuu, uwanja wa ndege na Mikindani. Simu ni ileile, huduma ya mahali (location) imewashwa, na kivinjari kimetolewa kwenye akaunti zote za Google. Dirisha la siri la kivinjari linaaminiwa kupita kiasi. Linaficha historia yako, lakini mahali uliposimama Google bado inapajua. Kila kituo naandika maneno yaleyale matatu, "lodge mtwara", "gesti shangani" na "hotel near mtwara airport", kisha nahesabu lodge iko ya ngapi kwenye orodha ya ramani.

Daftari la leo kwa "lodge mtwara" linasomeka hivi: stendi ya 5, sokoni ya 2, uwanja wa ndege ya 7, Mikindani haimo kwenye 20 za kwanza. Kwenye ukurasa wa kawaida wa majibu, ramani huonyesha biashara 3 tu kabla mtu hajabonyeza kuona zaidi. Ndiyo kusema ile 5 ya stendi ni kazi ya miezi ijayo, ile 2 ya sokoni ni ya kulinda, na Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini, hatutaiahidi. Google hupanga majibu ya ramani kwa mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. La kwanza na la tatu tunaweza kuyafanyia kazi. La pili liliamuliwa siku msingi wa jengo ulipochimbwa.

Saa 3:00 asubuhi, ripoti

Nikifika ofisini nafungua Search Console ya kliniki moja ya meno, yaani chombo cha Google kinachoonyesha tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji. Ripoti yao inatoka leo, na kuna namba moja ambayo huwa siwapelekei kama ilivyo: nafasi ya wastani ya tovuti nzima.

Chukua mfano huu. Mwezi wa kwanza tovuti inaonekana kwa jina la kliniki tu, mara 10, nafasi ya 2. Wastani ni 2. Mwezi unaofuata kliniki inaweka ukurasa wa kung'oa jino na mwingine wa kusafisha meno. Jina linaonekana tena mara 10 nafasi ya 2, na maneno mapya yanaonekana mara 90 yakiwa nafasi ya 40. Piga hesabu: 2 mara 10 ni 20, 40 mara 90 ni 3,600, jumla 3,620, gawa kwa 100, unapata 36.2. Mwenye kliniki akiona mstari umetoka 2 kwenda 36 atadhani kazi imeharibika, kumbe tovuti imeanza kuonekana na watu ambao hawakuwa wakijua jina lake.

Kwa hiyo ripoti huenda neno kwa neno: limeonekana mara ngapi, limebofywa mara ngapi, liko nafasi ya ngapi. Siku mbili tatu za mwisho nazikata kwa kuwa takwimu zake huwa hazijakamilika, na mteja akiziona hudhani mwezi umeishia vibaya. Takwimu hizi hukaa miezi 16 tu, hivyo kila mwisho wa mwezi nazipakua na kuzihifadhi.

Saa 4:30 asubuhi, kikao Shangani

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, niambie, lini tutakuwa namba moja?"

Swali hili silijibu kwa mdomo. Nachukua karatasi na kuchora nguzo tatu mbele yake: neno gani, mtu amesimama wapi, ni mwezi gani. Bila nguzo hizo "namba moja" haina maana, na mtu anayeiuza bila nguzo hizo anauza hewa. Kisha naandika namba za asubuhi na kumpa simu aone mwenyewe orodha iliyo chini ya ramani kwa neno "hotel mtwara". Huko wanatawala Booking.com na Tripadvisor. Majukwaa hayo yana kurasa za miji ya dunia nzima na viungo (links) kutoka tovuti nyingine vilivyokusanywa kwa miaka mingi. Lodge ya vyumba 12 yenye tovuti ya kurasa 5 haitawatoa pale, hata ikilipiwa mwaka mzima. Inachoweza ni kuwa ndani ya majukwaa hayo ikiwa na picha nzuri, kushika ramani kwa watu walio karibu, na kushika maneno membamba kama "lodge shangani yenye parking".

"Kwa hiyo mimi nalipia nini?"

"Simu, mama. Simu zinazoita na wageni wanaoomba njia ya kufika."

Hapo ndipo kikao kinapaswa kukaa muda mrefu, na mimi huwa sikiharakishi. Wasifu wa Biashara wa Google, yaani ukurasa wa biashara unaotokea kwenye ramani, huhesabu mambo matatu yanayomfaa: waliobonyeza kupiga simu, walioomba maelekezo ya njia na waliofungua tovuti. Lakini hesabu ya simu ni ya kubonyeza kitufe tu. Haijui kama simu ilipokelewa, na mtu aliyenakili namba akaandika WhatsApp haimo. Dawa yake ni daftari la mapokezi lenye safu nne: tarehe, chumba, usiku ngapi, na "umetupata wapi?" Majibu yawe ya kuweka alama tu: ramani, Booking, rafiki, bodaboda. Bodaboda msiisahau, maana hapa Mtwara dereva wa stendi huleta wageni wengi, na bila safu yake utaipa Google sifa isiyo yake.

Kisha muda. Marekebisho ya saa za kazi, namba ya simu na pini ya ramani huonekana ndani ya siku chache. Kutoka 5 kuingia 3 za kwanza kwa mtu aliye stendi nampangia miezi 3 ya kupima, bila ahadi, kwa sababu wale wanne walio juu yake nao wanafanya kazi. Kwa tovuti, Google yenyewe imewahi kueleza kuwa mara nyingi huchukua kati ya miezi 4 na mwaka 1 tangu mtaalamu aanze hadi faida ianze kuonekana. Mwezi wa 1 asitegemee mgeni hata mmoja mpya kutoka kwenye tovuti, na hilo nimeliandika kwenye karatasi yake kwa herufi kubwa.

Mama akataka kutoa soda ya bure kwa kila mgeni atakayeweka nyota 5. Nikamkatalia. Google inakataza kutoa zawadi ili kupata maoni, na maoni ya namna hiyo yakigundulika hufutwa. Ni vilevile kwa wafanyakazi wa lodge kuandika maoni wakiwa kwenye Wi-Fi moja jioni moja. Tumekubaliana hivi: msimbo wa QR unaompeleka mgeni kuandika maoni ubandikwe kaunta, mhudumu amwombe mgeni wakati anarudisha funguo, na kila maoni yajibiwe ndani ya siku mbili, hasa yale mabaya. Maoni 2 au 3 ya kweli kwa wiki, wiki baada ya wiki, yanatosha kabisa kwa mji wa ukubwa huu.

Saa 7:00 mchana

Chakula, na hesabu moja ya msimu. Huku kusini mwezi haulinganishwi na mwezi uliotangulia. Minada ya korosho ikianza Oktoba, pesa inaingia Tandahimba, Newala na Masasi, na wanaotafuta mabati, pikipiki na vyumba vya kulala wanaongezeka. Ripoti ya Novemba ikiwekwa kando ya Septemba, kazi mbovu itaonekana nzuri. Machi ikiwekwa kando ya Novemba, kazi nzuri itaonekana mbovu. Novemba ilinganishwe na Novemba iliyopita. Mteja ambaye bado hana mwaka mzima wa takwimu aelezwe hivyo mapema, kabla Februari haijamshtua.

Saa 8:00 mchana, wasifu uliofungiwa

Duka la vipuri vya magari limetoweka kwenye ramani tangu juzi. Sababu naiona kwenye jina: mwenyewe aliongeza "vipuri bei nafuu Mtwara Toyota original" mbele ya jina la duka. Jina kwenye wasifu linatakiwa kuwa lile lililo kwenye kibao cha nje. Maneno hayo ya ziada huweza kupandisha nafasi kwa muda, ndiyo maana watu huyapenda, na ndiyo maana pia wasifu husimamishwa.

Kosa la pili ambalo watu hufanya hapa ni kufungua wasifu mpya. Usifungue. Rudisha jina, hakiki anwani, kisha kata rufaa ukiwa na vielelezo tayari, kwa sababu ukishaanza fomu ya vielelezo unapewa dakika 60 tu za kuviweka. Meza yangu sasa ina picha tatu: leseni ya biashara, cheti cha TIN na kibao cha duka. Jina linasomeka sawasawa katika zote tatu. Lingetofautiana hata neno moja, ningesubiri lirekebishwe kwanza.

Wakidai uthibitisho wa video, mambo huharibika kwa sababu ndogondogo. Video iwe moja isiyokatwa: anza barabarani ionekane mitaa jirani na kibao cha anwani za makazi kama kipo, nenda kwenye kibao cha duka, fungua mlango kwa funguo, onyesha rafu na leseni ukutani. Usirekodi sura za wateja wala nyaraka za benki. Mtandao ukiwa mzito video hukwama njiani, kwa hiyo tumepanga kesho asubuhi. Ukaguzi huchukua hadi siku 5 za kazi, na mwenye duka nimemwambia 5, sikumwambia 1 ili afurahi.

Saa 9:30 alasiri, simu kutoka Lindi

Kaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lindi mjini anataka awe wa kwanza Lindi na Mtwara pia. Kuna mtu amempigia akamhakikishia namba moja ndani ya wiki mbili.

Kuhusu Mtwara jibu ni fupi: hana duka huku, kwa hiyo hawezi kuwa na wasifu wa ramani wa huku, na kuazima anwani ya shemeji ni njia ya kufungiwa. Miji hii imeachana kwa kilomita zaidi ya 100 za barabara. Anachoweza ni kuwa na ukurasa kwenye tovuti unaoeleza anavyosafirisha mabati na saruji hadi Mtwara, kwa siku zipi na kuanzia mzigo wa kiasi gani.

Kuhusu uhakika wa wiki mbili, nimempa maswali matatu ya kumuuliza huyo mtu. Namba moja kwa neno gani? Kama ni jina la duka lako, pengine tayari unaongoza. Je, ni tangazo la kulipia? Tangazo hukaa juu siku hiyohiyo, lakini pesa ikiisha linaondoka, na halipandishi nafasi za kawaida. Na wasifu utakuwa chini ya akaunti ya nani? Hili la tatu ndilo linaloumiza zaidi. Mmiliki abaki mwenye duka, fundi aongezwe kama msimamizi tu, ili siku wakiachana duka lisibaki bila maoni yake yote. Google imeandika wazi katika maelekezo yake kuwa hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Nimemtumia maelekezo hayo ayasome mwenyewe.

Saa 11:00 jioni, karatasi ya makubaliano

Makubaliano ya lodge yametoshea ukurasa mmoja. Maneno 3, vituo 4, namba za leo asubuhi kama mwanzo. Kazi zetu: picha 10 mpya, aina kuu ya biashara irekebishwe kutoka "mgahawa", kurasa 2 za tovuti, kipimo kila baada ya wiki 4 saa ileile. Kazi zake: daftari, QR, majibu ya maoni. Chini kuna mstari unaosema tutakutana mwezi wa 3, na kama simu na maombi ya njia havijaongezeka tutaamua pamoja kubadilisha maneno au kusimamisha malipo. Mstari wa "namba moja" haumo.

Kabla ya kumtumia nafungua tovuti yake mara moja tena. Ndani ya mipangilio ya WordPress, programu inayoendesha tovuti hiyo, kile kisanduku kinachozuia injini za utafutaji kama Google kimebaki na tiki tangu tovuti ilipokuwa inajengwa. Ndiyo maana Search Console haina chochote. Naitoa tiki, naiomba Google iukague ukurasa wa kwanza, na kwenye makubaliano nafuta tarehe ya kuanza kuhesabu tovuti na kuandika ya leo.

"Mama, karatasi nimekutumia. Kesho kabla jua halijawa kali, naomba picha 3 za kile chumba cha juu, pazia likiwa wazi."

"Sawa mwanangu. Na daftari nimeshalipigia mistari."