Nyota ya Burma na Bibi wa Tukuyu

Nauli ya basi hadi Mbeya nimeshaisamehe. Chumba cha Tukuyu bado: elfu thelathini, maji ya kuogea ya kugandisha mifupa, na godoro limebonyea katikati kama mtumbwi. Nilivumilia kwa ajili ya picha niliyotumiwa kwenye simu na kijana mmoja, nyota ya shaba yenye ncha sita. Nyota ya Burma, nishani ya Waingereza kwa waliopigana Burma, Myanmar ya leo, Vita vya Pili. "Ya babu hii kaka, laki mbili tu."

Asubuhi huyo kijana akanibeba kwa bodaboda kwenye utelezi hadi nyumba iliyojificha migombani. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Nikatoa shikamoo, nikapewa kigoda na chai. Kijana akakohoa.

"Bibi, huyu ndiye mgeni wa ile nyota."

"Nyota ipi?"

Chai ikanipalia. Kumbe bibi hakuambiwa kitu.

Hakufoka. Aliingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, akaifungua nyota kwenye kitambaa. Utepe umeliwa na mende, ila ule mstari mwekundu wa katikati ungali unaonekana. Nikaigeuza: nyuma tupu. Nishani za Vita vya Kwanza Waingereza walizichapa ukingoni namba, cheo na jina la askari, ndiyo maana sisi wakusanyaji tunazigombania. Nyota walizotoa baada ya Vita vya Pili hazina jina. Ikishatoka kwenye kopo lake inakuwa bubu. Huwezi kujua kama ni ya Mnyakyusa au ya mpishi wa jeshi kutoka London.

Chini ya kopo kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa mara nne. Namba ipo, na 36 KAR, yaani kikosi cha 36 cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Nikamsimulia bibi: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, 1944, malaria ikiwaangusha njiani. Desemba wakafika mto Chindwin, mahali panaitwa Kalewa, na wahandisi wakatandika daraja la chuma la mita 350 hivi.

"Kalewa?" Kisu kikasimama. "Alikuwa akilitaja usingizini. Mimi nikajua ni mwanamke."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Miaka yote ile nimemnunia bure!"

Mimi ni mtu wa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita ile ya kwanza. Baba yake babu yangu alikuwa na nishani ya fedha, yenye jina. Sonara akaiyeyusha ikawa bangili, bangili ikapotelea harusini. Namba ya ukingoni hakuna aliyeinakili.

Ya bibi niliinakili, mara mbili. Nyota ikarudi koponi. Kijana akanidai elfu kumi kunirudisha mjini, wakati kuja alichukua tano, na bibi akanipa mkungu wa ndizi ambao konda aliutoza kama abiria.