Nilivyojifunza kuanza na jana

Nilipoanza kupima wagonjwa wa akili wanaushughulisha mwili kiasi gani, kosa la kwanza lilikuwa neno "mazoezi". Siku ya kliniki ya akili nilikuwa na dodoso la siku 7 zilizopita: dakika ngapi za kazi nzito, ngapi za kutembea, ngapi za kukaa. Mama mmoja mwenye skizofrenia akanijibu, "Mazoezi? Hayo ya watoto wa shule, dada nesi." Nikaandika sifuri. Kumbe ndoo yake kaiacha chini ya mti; amekuja kwa miguu toka kijiji cha pili, na akirudi atapitia kisimani. Sifuri!

Nikahamia SIMPAQ, dodoso fupi la maswali 5 lililotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Matokeo ya kulijaribu katika nchi 23 yalichapishwa mwaka 2020. Linakugawia saa 24: kitandani, kukaa, kutembea, mazoezi, na shughuli nyingine. Jumla ikigoma, ujue kuna mahali mmepotezana. Nalo huuliza habari za wiki, ila mimi huanza na jana: "Adhana ilikukuta macho? Dawa ulimeza kabla ya chai? Ukatoka, ukaelekea wapi?" Anayetumia olanzapine akisema aliamka saa nne, sikunji uso. Dawa ile inalaza.

Kihesabu hatua cha kiunoni kilikuwa na vita yake. Kijana mmoja alisema kinampeleleza. Sikubishana naye, nilikivaa mwenyewe wiki nzima nikamwonyesha namba zangu, ambazo kusema kweli zilitia aibu. Alicheka, akakiomba.

Aliyenifunza zaidi ni mzee mmoja aliyewapita wote kwa hatua. Nilishaanza kumsifu, mkewe akanikata: "Anakwenda wapi huyo? Anazunguka mwembe kutwa, hata ugali anakula kasimama." Alikuwa anatumia haloperidol, nayo ni dawa ya akili. Ilikuwa akathisia, ile hali ya dawa kumnyima mtu utulivu, miguu ikamwendesha bila yeye kutaka. Kihesabu hakijui tofauti ya matembezi na mateso. Siku hizi kando ya kila namba naandika: alikuwa anakwenda wapi?

Nilimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo, akapunguziwa dozi. Aliporudi kliniki alikaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Hatua zake zilikuwa zimeshuka karibu nusu, na kwenye ripoti yangu ya mwezi alisomeka kama mtu aliyerudi nyuma.