Kutoka Harris hadi Barra, kwa njia ya magroto

Tuliondoka Leverburgh, kusini mwa Harris, Jumamosi asubuhi, na siku hiyo tuliichagua kwa makusudi. Upande wa kaskazini wa visiwa vya Hebrides ya Nje, huko Uskoti, ni nchi ya Waprotestanti wanaoishika Jumapili kwa dhati. Maduka mengi hufungwa na vituo vya mafuta pia, kwa hiyo jaza tangi mapema. Kivuko cha kwenda Berneray huchukua kama saa moja, kikipinda kulia na kushoto kati ya maboya, maana mlango ule una miamba mingi na kina kifupi. Ndiyo sababu hakisafiri gizani, na maji yakipwa sana safari inaweza kufutwa. Usipange mambo mawili yanayobanana siku hiyo.

Kuanzia Berneray mpaka Eriskay visiwa vimeunganishwa kwa matuta yanayokatiza bahari, yenye barabara juu yake. North Uist bado ni ya Waprotestanti. Benbecula ni mchanganyiko. Ukivuka tuta linalofuata na kuingia South Uist, mambo yanabadilika mbele ya macho yako: kando ya barabara kuna groto la Bikira Maria, kijumba cha mawe chenye kioo mbele, na maua yamefungwa kwa waya ili upepo usiyachukue. Mbele kidogo kuna lingine. Barabara ni nyembamba, gari moja moja, na ina sehemu za kupishana. Usiegeshe hapo ili kupiga picha wala kusali, wenyeji wanazihitaji. Tafuta lango la kanisa au uwanja wa wazi, kisha rudi kwa miguu.

Imani hii haikubaki kwa bahati tu. Uskoti ilipoachana na Roma mwaka 1560, wakuu wa koo za Clanranald na MacNeil walibaki upande wa Wakatoliki, lakini mapadre hawakuwapo. Walikuja kwa mashua: kwanza Wafransisko kutoka Ireland, kisha mwaka 1652 Padre Dermot Duggan, aliyetumwa na Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Alitembea visiwa hivi mpaka alipofariki 1657. Karne iliyofuata, mwenye ardhi wa Boisdale, huko South Uist, aliwabana wapangaji wake waiache dini yao. Baadhi yao wakaona heri bahari kuliko kukana, na mwaka 1772 wakapanda meli kwenda Kanada.

Kwenye mteremko wa kilima cha Rueval anasimama Mama Yetu wa Visiwa, sanamu ya mawe ya itale, urefu wa mita 9 hivi, kazi ya Hew Lorimer, iliyowekwa mwaka 1957. Amembeba Mtoto begani. Juu yake kilimani kuna mitambo ya jeshi ya kufuatilia makombora. Sanamu ilisimamishwa wakati ule ule wa mpango wa jeshi wa kurushia makombora kisiwani, ambao Padre John Morrison, padre wa South Uist, aliupinga waziwazi. Ukisimama chini unaviona vyote viwili kwa mtazamo mmoja, na sijaona mahali pengine panapoeleza parokia kwa ufupi namna hiyo.

Ratiba ya Misa ndiyo inayowakosesha wageni wengi. Makanisa ni mengi, mapadre wachache, kwa hiyo yanahudumiwa kama vigango vya kwetu: padre mmoja, Misa kadhaa, saa zinazobadilika. Soma tangazo la wiki hiyo mlangoni, usitegemee la mwaka jana. Jumapili hakuna basi South Uist. Bila gari, lala karibu na kanisa. Ukibahatika utakuta Misa ya Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivi.

Eriskay, usiondoke bila kuingia kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa 1903 chini ya Padre Allan MacDonald. Altare imewekwa juu ya omo ya mashua ya kuokolea. Nje kuna kengele ya Derfflinger, meli ya kivita ya Kijerumani iliyozamishwa Scapa Flow, ghuba ya kaskazini mwa Uskoti, mwaka 1919. Watu wa bahari wanaisoma altare ile bila kuelezwa.

Kutoka hapo kivuko cha dakika 40 kinakufikisha Barra. Ukipita ufuko wa Tràigh Mhòr, ambao ndio uwanja wa ndege wa kisiwa, tazama mfuko wa upepo: ukiwa umepandishwa, usikanyage mchanga, kwa kuwa ndege hutua papo hapo maji yakipwa.

Castlebay kanisa ni la Maria Nyota ya Bahari, lililofunguliwa 1888, na juu yake kwenye mlima Heaval ipo sanamu nyeupe ya marumaru ya mwaka 1954. Haiko kileleni, iko ubavuni. Anzia kwenye barabara ya juu mashariki ya mji, si bandarini. Nyasi ni telezi na mteremko ni mkali, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno na panda kwa kupindapinda. Pale juu unaona ngome ya Kisimul katikati ya maji, paa la kanisa, na mashua zikirudi. Wakati wa kushuka, geuka ubavu, mguu wa chini mbele.