Ukuta wa Annaberg

Mwezi Machi 2014 marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi mwashi wa Pangani kwa zaidi ya miaka 40, alikuja kunitembelea Marekani, nami nikampeleka kisiwa cha St. John katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, kule Karibi. Tulivuka kwa feri kutoka St. Thomas, na kabla jua halijawa kali tukafika Annaberg, kwenye magofu ya shamba la miwa la enzi za Denmark, iliyovitawala visiwa hivyo mpaka ilipoiuzia Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25.

Mnara wa kinu cha upepo bado umesimama, mnene chini na mwembamba juu, na kando yake upo uwanja wa duara ambamo wanyama walizungushwa siku ambazo upepo ulikataa. Mwenyeji mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni alitueleza kwamba muwa ukishakatwa huanza kuchacha upesi, hivyo msimu wa mavuno kazi haikulala usiku wala mchana. Maji ya miwa yalitiririka kwa mfereji hadi nyumba ya kuchemshia, yakapitishwa katika sufuria zilizopangwa safu kutoka kubwa hadi ndogo, huku watumwa wakiyateka kwa pawa ndefu juu ya moto wa makapi. Alisema pia kwamba katika mashamba mengi ya Karibi shoka liliwekwa karibu na kinu, ili mkono ukinaswa ukatwe kabla mwili wote haujavutwa ndani. Baba alimwomba arudie maneno hayo, nami nikamtafsiria mara ya pili.

Tangu hapo hakusikiliza tena maelezo, akausogelea ukuta. Kati ya mawe meusi na matofali yaliyoletwa kwa meli, pembe za milango zilikuwa zimejengwa kwa matumbawe, na mikunjo yake ilionekana wazi kama ya ubongo. Alipitisha kidole gumba kwenye kiungo, akakwangua chokaa kwa ukucha, akaiweka ulimini.

"Mwanangu, hii ni chokaa ya kuchoma, ya matumbawe na makombe," alisema. "Tumbawe hili lilichongwa likiwa bichi, lingali laini. Aliyefanya kazi hii alikuwa fundi."

Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani namwonyesha baba historia ya watu wengine. Lakini sisi ni watu wa Pangani, na katika karne ya 19 bonde la mto wetu lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo nyumbani hutajwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa wajukuu wa pande zote mbili huswali msikiti mmoja. Mteremkoni, penye mabaki ya vibanda vya watumwa vilivyojengwa kwa fito na udongo, baba alisimama kwa muda mrefu bila kunitazama.

Kutoka hapo kisiwa cha Tortola kinaonekana ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari. Waingereza walifuta utumwa huko mwaka 1834, ilhali St. John watu walibaki utumwani hadi tarehe 3 Julai 1848. Kwa miaka 14 hiyo, mkata miwa aliyenyoosha mgongo aliiona kwa macho yake nchi ambayo mtumwa hakuwamo, na wako waliotoroka usiku kwa mitumbwi, wengine wakazama.

"Kwa ngalawa yetu, upepo ukiwa mzuri, haifiki saa moja," baba alisema.

Tulipokuwa tunaondoka aliona kipande cha tumbawe kilichodondoka chini ya dirisha. Aliinama kwa shida, kwani magoti yalikuwa yamekwisha kumsumbua, akakipangusa mchanga kwa kanzu yake, akakigeuza mara mbili mpaka akapata upande wake, kisha akakirudisha tunduni na kukikaza kwa kiganja.